Dhidi ya Msafiri Asiyemhitaji Mtu

Imeenea rai, miongoni mwa watu wanaokusudia kusafiri masafa marefu kwa baiskeli katika mashamba ya nchi yetu, kwamba maandalizi ya safari hiyo ni kujitosheleza: kwamba msafiri mwema ni yule aliyefunga juu ya keria yake hema, jiko na mafuta yake, sufuria, chakula cha siku kadhaa, chujio la maji, vipuri vya kila kiungo cha chombo chake na mashine ya kumwonyesha njia, hata ikawa aweza kutoka mwanzo wa safari mpaka mwisho wake bila ya kupiga hodi katika mlango wa mtu. Rai hii huvishwa majina mazuri. Huitwa uhuru, huitwa hadhari, na wakati mwingine huitwa adabu, kwa kuwa hudhaniwa kwamba asiyeomba hamsumbui mtu. Mimi naipinga, na siipingi pembeni pembeni, naipinga katika shina lake. Na ushahidi wangu nitautoa katika nchi niijuayo, nchi ya Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, nikianzia hapa Nyaishozi.

Insafu yataka hoja ya mpinzani ielezwe kwa nguvu zake zote kabla ya kujibiwa. Kujitosheleza kuna mahali pake. Mtu anayekata jangwa la Sahara, au nyika za katikati ya Australia, ambako kutoka kisima hata kisima huenda kukawa mwendo wa siku nzima na zaidi, akiacha nyuma dumu moja la maji aweza kuiacha na roho yake, na waandishi waliopita huko wana haki ya kumhimiza msomaji wao abebe kila kitu. Dhulma huingia pale kanuni ya jangwani inapochukuliwa ikaletwa migombani. Atokaye Nyaishozi kwenda Omurushaka, kisha akashika njia ya Nkwenda, Isingiro na Kaisho mpaka Murongo, penye mto Kagera na mpaka wa Uganda, hapiti jangwa lolote: hupita katika migomba na mibuni iliyopandwa mlango kwa mlango, penye maduka ya rejareja, mama ntilie, mashine za kusaga, shule, zahanati, makanisa na misikiti, na ni nadra apande kilima kimoja na kushuka kingine bila ya kusalimiwa. Sehemu tupu zipo, na kubwa katika hizo ni hifadhi za taifa zilizotangazwa mwaka 2019, yaani Burigi-Chato, Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa. Lakini humo hakuna aingiaye kwa nguvu ya mizigo yake. Huingia kwa ruhusa ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na kwa maelekezo ya askari wanaojua nyati na tembo walikolala.

Nianze na uzito. Vilima vya Karagwe vimejipanga safu kwa safu, vingi vikipita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na barabara zake haziwezi kuvikwepa. Hupanda, hushuka hadi bondeni penye mafunjo, hupanda tena. Kila kilo iliyofungwa juu ya baiskeli haina budi kuinuliwa kwa nguvu ya miguu katika kila mlima wa kila siku ya safari, iwe imetumika siku hiyo au haikutumika. Mtu mwenye kilo 60 akibeba kilo 30 amejitwisha nusu ya mwili wake, kisha hushangaa kwa nini goti linamwuma kabla hajafika Nkwenda. Na mteremko haumpi nafuu kama alivyoitazamia, maana uzito ule ule uliomlemea alipopanda ndio unaomsukuma anaposhuka. Breki hupata moto, na njiti za gurudumu la nyuma, ambazo zimebeba sehemu kubwa ya mzigo, hukatika moja baada ya moja katika makorongo ya barabara ya changarawe. Atasema mpinzani: mbona vijana wetu huchukua madumu manne ya lita 20, ambayo ni kilo 80 za maji, au mikungu ya ndizi inayofunika baiskeli nzima isionekane? Ni kweli, na heshima yangu kwa vijana hao ni kubwa. Lakini na awatazame vizuri. Mlimani hawapandi, husukuma, mkono mmoja juu ya usukani na mwingine juu ya fimbo waliyoifunga nyuma ya tandiko. Masafa yao ni ya kutoka kisimani au shambani mpaka sokoni. Na mzigo wao una mnunuzi anayeungoja. Mzigo wa msafiri wetu haungojwi na mtu.

Historia ya nchi hii hii ina ushahidi mkubwa kuliko wangu. Wapelelezi Waingereza Speke na Grant, walipoondoka Bagamoyo mwezi wa Oktoba 1860, na pamoja nao mkalimani wao, yule hodari Sidi Mubarak Bombay, walikuwa na vitu ambavyo fedha za London na soko la Unguja viliweza kuwapa: nguo, shanga na masango ya kulipia hongo, bunduki, na ala za kupimia nchi na nyota. Mali ile ndiyo iliyowafunga. Wapagazi walipotoroka mizigo ilikaa chini, na msafara ukakaa pamoja nayo. Na walipofika Usui, mtawala wake Suwarora aliwazuia kwa madai ya hongo juu ya hongo, kwa kuwa mali ionekanayo huamsha tamaa ya mwenye kuiona. Ikawa Novemba 1861, zaidi ya mwaka mzima tangu watoke pwani, ndipo walipoingia Karagwe na kupokewa na mfalme wake, Omukama Rumanyika. Hapo ndipo pana funzo lenyewe. Grant aliugua mguu, kidonda kikamlaza kwa miezi, na Januari 1862 mwenzake akaendelea na safari ya Buganda akamwacha. Katika shehena yote ile hapakuwa na kitu cha kumsimamisha. Aliyemhifadhi ni mwenyeji, na watu wa mwenyeji, mpaka Aprili mwaka ule alipochukuliwa kwa machela kumfuata mwenzake. Safari iliyoandaliwa kwa gharama kubwa ilikuja kutegemea ukarimu wa mtu mmoja, na ukarimu huo haukuwamo katika orodha ya vitu vilivyonunuliwa.

Na tukitaka mfano wa baiskeli yenyewe, tunao. Thomas Stevens, mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa chombo hiki, aliondoka San Francisco tarehe 22 Aprili 1884 juu ya baiskeli ya zamani yenye gurudumu moja kubwa mbele na dogo nyuma, akafika Yokohama Desemba 1886, baada ya kupita Ulaya, Uturuki, Uajemi, Bara Hindi na China. Alichochukua alipoanza ni soksi, shati la akiba, koti la mvua lililokuwa hema lake na matandiko yake, na bastola. Bastola siitetei. Lakini chakula na dari alivitafuta kwa watu aliowakuta, katika nchi ambazo lugha zake hakuzijua, na mabegi manne ya msafiri wa leo hakuwa nayo.

Sasa nije kwenye chombo, maana hapa rai ninayoipinga huwatia watu hasara ya fedha kabla hata ya kuwatia hasara ya mwili. Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika, ng'ambo tu ya mto Kagera kwetu sisi, na wako waliotoka katika kuyatazama wakiamini kwamba pasipo fremu ya kaboni, breki za mafuta na tairi zisizo na tyubu mtu hawezi kwenda mbali. Waliyatazama magurudumu wakaacha kutazama magari. Nyuma ya wale waendeshaji, ambao ndio wepesi kuliko wote duniani, hufuata gari lenye fundi, magurudumu ya akiba, maji na chakula. Tairi ikipasuka mwendeshaji huinua mkono, na fundi huruka chini. Hakuna hata mmoja katika wao aliyejitosheleza, wala hakuna aliyeona haya. Sisi nasi tuna mafundi wetu, isipokuwa hawatufuati: wametutangulia, wamekaa vibarazani na chini ya miti katika kila kituo cha biashara, na pampu, beseni la maji, msasa, gundi ya viraka na kisanduku cha friwili kuukuu. Mwenye akili huchagua baiskeli ambayo mafundi hao wanaijua. Gurudumu liwe la inchi 28 au 26, kwa kuwa tairi na tyubu za kipimo hicho ndizo zinazouzwa madukani. Fremu iwe ya chuma, kwa kuwa chuma kikivunjika mchomeleaji wa milango na madirisha ataweza kukiunga. Breki ziwe za waya, zisiwe za mafuta. Wala sisemi achukue ile nyeusi ya Phoenix kwa sababu tu babu zetu waliipenda. Ile ina mwendo mmoja tu, na breki zake za vyuma hupungukiwa nguvu vibaya ringi inapolowa, jambo la hatari katika mteremko wa utelezi. Baiskeli ya mtumba yenye fremu ya chuma na gia kadhaa nyuma na mbele, iliyovuliwa yote na kuunganishwa upya na msafiri mwenyewe mbele ya fundi anayemwelekeza, hata akajua kubandika kiraka, kunyoosha ringi kwa kukaza njiti, kukata mnyororo na kuuunga, na kutia grisi kwenye boringi, hiyo ni bora kuliko ya mamilioni ambayo ikiguna tu mwenyewe hubaki kuitazama.

Lakini uzito na chuma si kiini cha ugomvi wangu. Kiini ni watu. Msafiri aliyejitosheleza hufika kijijini wakati wa magharibi, akapita bila ya kusimama, akatafuta kichaka mbali na nyumba, akapiga hema lake na kuzima taa. Yeye huona amefanya adabu. Watu wa kijiji huona nini? Wilaya hizi ziko mpakani. Uganda iko kaskazini na Rwanda iko magharibi. Wazee wa huku wanakumbuka majeshi ya Idi Amin yaliyovamia mkoa huu mwaka 1978, na watu wa makamo wanakumbuka mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka kwa malaki kuingia Ngara na Karagwe. Ng'ombe huibwa, na mgeni asiyejulikana aliyelala porini ana haki ya kuulizwa yeye ni nani. Desturi ya nchi yetu, kuanzia mjumbe wa nyumba kumi mpaka mwenyekiti wa kijiji, ni kwamba mgeni hujulishwa. Kwa hiyo kujificha si adabu hata kidogo, ni kuwanyima wenyeji usingizi. Maandalizi yapasayo ni kitambulisho cha taifa mfukoni, au pasi kwa mtu wa nje. Ni kujua kusalimu kwa taratibu, kuteremka kwenye baiskeli mbele ya wazee badala ya kuwapungia mkono kutoka juu. Ni kujifunza walau salamu za Kinyambo, lugha ya wenyeji, kabla ya kuondoka. Na ni kufika mapema, jua lingali juu, kusudi mwenye kukupokea apate nafasi ya kukuuliza na kuridhika.

Yako maneno ambayo wapinzani wangu huyategemea sana, nayo yastahili jibu refu. Husema kwamba kutegemea wanavijiji ni kuwaelemea maskini. Kwamba mtu mwenye uwezo wa kusafiri kwa starehe hana haki ya kula ndizi na maharage ya aila isiyo na ziada. Maneno haya yana sura ya huruma, na wanaoyasema wengi wao ni watu wema, lakini chini yake pana dhana mbili mbaya. Ya kwanza ni kwamba kumhitaji mtu ni kumnyang'anya. Nani aliyesema msafiri asilipe? Mama ntilie wa Nkwenda amepika ili auze. Mwenye nyumba ya wageni Omurushaka ametandika kitanda ili kilaliwe. Fundi amenunua pampu kwa fedha yake akingoja tairi ya mtu ipungue upepo. Mtu anayepita mbele yao wote na chakula cha makopo alichonunua mjini amewanyima riziki, na alichowaachia ni vumbi la tairi zake na pengine makopo yenyewe. Pasipo na biashara, penye nyumba tu na wenyewe, fedha hutolewa kwa staha, au sukari, au chumvi, au sabuni, na mwenye nyumba akiikataa kabisa basi mgeni hupokea kwa shukrani, akajua kwamba amekirimiwa. Dhana ya pili ni mbaya zaidi: kwamba maskini hana cha kutoa. Mkulima wa Nyaishozi ajuaye ni daraja lipi limechukuliwa na maji, ni chemchemi ipi haikauki, ni njia ipi ya mkato yenye miiba itakayotoboa tairi, ana elimu ambayo ramani ya simu haina. Na kumwuliza ni kumtambua kuwa ni mwalimu. Huruma inayokataa kupokea chochote kwa mtu humshusha mtu huyo.

Basi maandalizi ni nini, ikiwa si kununua? Kwanza ni kuchagua majira. Mvua zetu hunyesha kuanzia Septemba mpaka Desemba, na tena kuanzia Machi mpaka Mei, na wakati huo udongo mwekundu wa milimani huwa utelezi, hushikana na tairi mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya safari. Vumbi ni jingi na asubuhi ni baridi, lakini barabara hupitika, na kwa kuwa ni msimu wa kahawa, apitaye huku ataikuta imeanikwa uani na kandokando ya njia, watu wana fedha, masoko yana shughuli, na mgeni huwakuta wenyeji katika furaha yao. Lami imefika kwa sehemu. Ile ya kutoka Kyaka mpaka Bugene ni kilomita 59, nayo ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mtu ambaye mwili wake haujazoea, ingawa malori yake hayana subira.

Pili ni mwili wenyewe, na hapa wengi hujidanganya kwa kukimbiza masafa. Siku moja ya kilomita mia haimfundishi mtu jambo kubwa, maana kesho yake hulala. Safari ndefu ni kuamka siku ya tatu na miguu mizito, ukapanda tena. Kwa hiyo mazoezi yawe ya siku tatu au nne mfululizo, za masafa ya wastani, katika vilima, pamoja na mzigo ule ule utakaochukuliwa. Aondokaye alfajiri hupata saa za ubaridi. Saa za adhuhuri ni za kivuli. Alasiri ni ya mwendo mfupi wa kumfikisha malazi. Na kusukuma baiskeli mlimani hakuna fedheha yoyote.

Tatu ni vitu, nami sikusema vitupwe vyote. Malaria haingoji urafiki: chandarua chepesi kichukuliwe, na homa ikishika mtu aende zahanati akapimwe apewe dawa mseto, asiendelee na safari kwa ushujaa. Kuhara humaliza maji ya mwili upesi, na kwa hiyo pakiti za chumvichumvi zafaa ziwemo, au ijulikane namna ya kuzitengeneza, yaani lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Tyubu ya akiba, viraka, pampu, spana, taa, koti la mvua, nguo ya kubadili, sweta la usiku, chupa za maji. Vyote hivi huingia katika begi moja.

Imebaki hoja moja, iliyo nzito kuliko zote, na nimeiweka nyuma kwa kuwa sikutaka kuijibu kwa haraka. Husemwa: haya yote ni rahisi kwa mwanamume, mwanamke asafiriye peke yake, au na mwenzake mwanamke, akitegemea milango ya watu hajui ni mlango gani utafunguliwa wala na nani, na kwa hiyo yeye walau aachwe na hema lake. Hofu hiyo ni ya kweli na sitaidharau. Lakini hebu tulipime hema lenyewe. Ni kitambaa kisicho na komeo, kimesimamishwa mahali ambapo kwa makusudi hapana jirani wa kusikia yowe. Na aliyeliona hema hilo jua likizama ajua kwamba ndani yake yumo mtu aliye peke yake, ambaye hakuna anayemtazamia popote. Hiyo si hifadhi. Hifadhi ya mwanamke njiani ni wanawake wengine, nao wamejaa njia nzima: walimu wa kike wa shule za msingi, wauguzi wa zahanati, watawa wa parokia, akina mama wa usharika wa Kilutheri, wenye nyumba za wageni, wauzaji wa sokoni. Maandalizi yake ni ya simu na barua katika majuma kabla ya kuondoka, kuomba kutoka kwa mmoja jina la mwenzake wa kituo kinachofuata, hata kila usiku wa safari uwe na mwenyeji anayejulikana kwa jina na namba, na kila mwenyeji awe amearifiwa siku ya kumtazamia. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kununua hema, na huchukua muda mrefu zaidi. Lakini aliyeifanya, akiondoka Nyaishozi asubuhi na asionekane mpaka jua kuchwa, yuko mtu Nkwenda atakayetoka nje na kuuliza amefikia wapi.